Mujibu wa Sheria si Dawa ya Utovu wa Nidhamu

Ndugu wazazi, walimu, nanyi wahitimu mliokwisha kuanza kunong'onezana kambi mtakazopangiwa. Kila ninapoitwa kuzungumzia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na mafunzo yake ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita, yale ya "mujibu wa sheria", mzazi mmoja hunishika mkono: "Mzee, bora waende wakanyooshwe." Wakanyooshwe! Kwani ni waya? Umekaa naye miaka kumi na minane umeshindwa, afande akumalizie kwa miezi mitatu?

Turudi 1966. Wanaonijua wanacheka, walijua nitafika huko. Serikali ilisema msomi akimaliza atumikie miaka miwili hivi: miezi mitano kambini, iliyobaki kazini, mshahara achukue asilimia 40 tu. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, wengine na mabango ya kusema ukoloni ulikuwa nafuu. Hebu tazameni walichogombea. Kwata? Kulala kambini? Kilichowauma zaidi ni kukatwa fedha huku wakubwa wanakula mishahara minono. Mwalimu Nyerere, Rais wetu, akawaka, akawatimua zaidi ya 300. Lakini hoja yao ilimchoma, maana palepale akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na vigogo wengine wakafuata. Februari iliyofuata, Azimio la Arusha la ujamaa, likawabana viongozi. Sasa nionyesheni nidhamu iko wapi katika ugomvi ule! Waligombania deni: nani kasomeshwa kwa jasho la nani, na atalilipaje.

Mtasema mzee anadharau jeshi. Thubutu! Kijana wangu alirudi kutoka kambini anaamka kabla ya jogoo, anatandika kitanda shuka halina hata kunyanzi, mama yake akawaita majirani waje kuona. Chuo kilipofunguliwa alikuwa anaamka saa nne.

Mpango ulisimamishwa 1994, ukarejea 2013, hata wabunge kadhaa wakaingia kambini. Ila kilichorejea ni kipande. Wa kidato cha sita anakwenda kukaa zaidi na wa kidato cha sita wenzake, anajua "nyuma geuka", anajua kufungua bunduki na kuifunga, anarudi. Deni lile halijaguswa. Mpelekeni akafundishe hesabu kwenye shule ya kata isiyo na mwalimu wa hesabu, hata kwa nusu ya muda huo, ndipo tuzungumze.

Mshereheshaji ananikodolea macho, basi harakaharaka. Orodha ya vifaa mmeisoma? Bukta ya bluu iliyokolea yenye mfuko mmoja nyuma, tisheti ya kijani, raba, soksi nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, truksuti, na nauli ya kwenda na kurudi. Mtoto wa mkulima wa Newala, kule Mtwara, akipangiwa kambi ya Bulombora, Kigoma, nauli hiyo anaitoa wapi? Wa 1966 walilia kukatwa mshahara. Huyu hata huo wa kukatwa hana. La usalama wa mabinti na la vijana wenye ulemavu nilikuwa nimeyaandika hapa, lakini niulizeni tu. Nani anaanza?