Gatsby: pati ya Jumamosi na deki ya Jumatatu

Habari za jioni jamani, na shikamooni wakubwa wote mliokaa huku mbele. Nimeombwa nizungumzie The Great Gatsby, kitabu na filamu zake, zinavyoionyesha Marekani ya miaka ya 1920, na najua wengi hapa mnasubiri nianze na zile pati, mafataki, shampeni, kina dada wenye nywele fupi na shanga ndefu. Mimi naomba nianze na machungwa.

Sura ya tatu ya kitabu cha F. Scott Fitzgerald, kilichotoka Aprili 1925, kuna habari ya machungwa na malimau. Kila Ijumaa makreti matano yanakuja nyumbani kwa Gatsby kutoka kwa muuza matunda wa New York, halafu kila Jumatatu machungwa yale yale yanatoka mlango wa nyuma yakiwa rundo la maganda, nusu nusu, ndani hamna kitu. Jikoni kuna mashine inaweza kukamua machungwa 200 kwa nusu saa, ila sharti mtumishi akibonyeze kile kitufe kidogo mara 200, kwa kidole gumba chake. Na hiyo hiyo Jumatatu watumishi 8, yule mtunza bustani wa ziada akiwemo, wanashinda kutwa nzima na madekio na brashi na nyundo na mikasi ya bustani wanarekebisha kila kilichoharibiwa usiku uliopita.

Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anaitwa kupika kwenye shughuli za watu, kwa hiyo hicho kidole gumba nakijua. Wageni wanakumbuka pilau, sisi tunakumbuka masufuria, ukoko umegandia chini unasugua kwa majivu mpaka kucha zinauma, na mwenye shughuli wala hakujui jina. Nilipofika kwenye yale machungwa mara ya kwanza nilisimama, nikarudia tena, nikasema huyu mwandishi kumbe alipita na jikoni.

Sasa hoja yangu leo ni hii tu. Kitabu kinaijua Jumatatu. Filamu zilizokuja baadaye zimeipenda Jumamosi, na kila moja imechora Jumamosi ya zama zake yenyewe, sio ya 1922.

Kwa ambaye hajasoma, kwa haraka. Msimulizi ni Nick Carraway, kijana wa majimbo ya kati ya Marekani, kaja New York mwaka 1922 kujifunza biashara ya hatifungani. Kapanga kijumba cha dola 80 kwa mwezi huko West Egg, kwenye kisiwa cha Long Island, kimebanwa katikati ya majumba mawili ambayo kodi yake kwa msimu inafika dola 12,000 hadi 15,000. Jirani yake ni Gatsby, tajiri ambaye hakuna anayejua vizuri pesa kazitoa wapi, anafanya pati wiki hadi wiki akitegemea kwamba siku moja ataingia Daisy, msichana aliyempenda kabla hajaenda vitani, ambaye sasa kaolewa na Tom Buchanan na anakaa ng'ambo ya maji upande wa matajiri wa kurithi. Wageni wa pati wengi hawajaalikwa, wanakuja tu. Rolls-Royce ya Gatsby wikiendi inageuka daladala, inabeba watu kuleta na kurudisha kuanzia asubuhi hadi baada ya usiku wa manane, na kuna stesheni wagoni yake ya njano inakimbia stesheni kupokea kila treni. Hiyo stesheni wagoni naomba mniwekee akilini.

Kitu watu wanasahau ni kwamba Fitzgerald hakuwa anaandika historia. Mwishoni mwa 1922 alihamia Great Neck, mji wa Long Island ambao kitabuni ndio kaugeuza West Egg, akaja kuhamia Ufaransa 1924 na sehemu kubwa ya kitabu akaiandika huko. Kwake 1922 ilikuwa juzi. Mtu anayeandika habari za juzi hahangaiki kukuthibitishia kwamba ni juzi, anaandika kodi ya nyumba, anaandika nani kaosha vyombo, basi. Dairekta wa filamu ana shida nyingine kabisa, ndani ya dakika mbili lazima uamini kwamba uko zamani, kwa hiyo anakimbilia manyoya, magari, jazi, na wewe uliyekaa kwenye kiti unatoka ukiamini kwamba miaka ya 1920 ilikuwa manyoya na magari.

Chukua suala la pombe. Kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933 Marekani nzima ilikuwa marufuku kutengeneza na kuuza pombe. Kwenye kitabu hakuna mtu anasimama kukuelezea hiyo marufuku, wewe unaingia ukumbini kwa Gatsby unakuta baa kamili yenye reli ya shaba na chupa zimejaa, watu wanakunywa kama maji. Mpaka siku ya ugomvi hotelini ndipo Tom anatoboa, kwamba Gatsby na mwenzake Wolfsheim walinunua maduka ya dawa ya vichochoroni, New York na Chicago, wakawa wanauza pombe juu ya kaunta. Kwa nini maduka ya dawa? Kwa sababu sheria iliacha mwanya, daktari aliruhusiwa kumwandikia mgonjwa wiski na famasia ikamuuzia kihalali, sasa ukiwa na famasia mia ndogo ndogo una mia ya milango. Msomaji wa 1925 hakuhitaji hayo maelezo, alikuwa anapita mbele ya hizo famasia kila siku.

Tuje kwenye filamu. Ya kwanza ilitoka 1926, filamu bubu, na inauma kuizungumzia maana ndiyo peke yake iliyopigwa ndani ya zama zenyewe, nguo zile zilikuwa nguo za kawaida za watu, na imepotea. Kilichobaki ni trela ya kama dakika moja hivi. Zelda, mke wa Fitzgerald, alimwandikia binti yao kwamba ni mbovu kupindukia na kwamba waliondoka, lakini mimi ningetoa chochote niione hata hivyo, hata kwa ajili ya mitaa tu, watu wanavyotembea.

Ya pili ni 1949, Alan Ladd ndiye Gatsby. Hapa Hollywood ilikuwa bado chini ya zile kanuni za maadili zilizoanza kusimamiwa kwa ukali 1934, mhalifu lazima aonekane kakosea na mtazamaji aondoke na funzo. Kwa hiyo filamu inaanzia makaburini! Nick na Jordan, rafiki yake Daisy, ambao filamuni wameoana, kwenye kitabu wala hawakuoana, wanasimama kwenye kaburi la Gatsby lililoandikwa Mithali 14:12, iko njia ionekanayo kuwa sawa machoni pa mtu, lakini mwisho wake ni njia za mauti. Hiyo ni Marekani iliyotoka vitani, imepita pia kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi, inawaangalia watu wa 1922 kama mzazi anavyomwangalia mtoto aliyefuja mali. Kitabu hakimhukumu Gatsby hivyo. Nick anasema wazi anadharau karibu kila kitu ambacho Gatsby anakiwakilisha, na bado anampigia kelele kutoka kwenye bustani kwamba yeye ni bora kuliko wale matajiri wote wakiwekwa pamoja.

Halafu 1974, Robert Redford na Mia Farrow, dairekta Mwingereza Jack Clayton, skripti ya Francis Ford Coppola. Ilishinda Oscar mbili, nguo na muziki, na hizo tuzo zinakuambia filamu yenyewe ilitazama wapi. Kila kitu cheupe, laini, kina ukungu wa jua, unatamani uingie ukae humo. Gazeti la People toleo lake la kwanza kabisa, Machi 1974, sura ya mbele ni Mia Farrow kavaa kama Daisy, lulu ziko mdomoni. Hapo miaka ya 1920 imeshakuwa fasheni, watu waliochoka na Vietnam na habari za Watergate wanatafuta kimbilio. Ile harufu ya juzi yote imetoka.

Na ya 2013, Baz Luhrmann, hii ndiyo wengi wenu mmeiona. Ilipigwa Sydney, Australia, kwa 3D, na muziki Jay-Z ana mkono wake. Watu wengi walimlaumu kwa hiyo hip-hop, mimi namtetea. Jazi ya 1922 masikioni mwetu ni muziki wa wazee, wa hotelini, wakati kwa watu wa 1922 ilikuwa muziki mpya wa Weusi unaowatisha wazazi, kwa hiyo ukitaka mtazamaji wa leo asikie ile hofu na ule utamu inabidi umpe kinachofanya kazi hiyo leo. Pale Gatsby anapogeuka na glasi mkononi, mafataki nyuma, inapiga Rhapsody in Blue, muziki wa Gershwin, ambayo kwa kweli ilichezwa mara ya kwanza Februari 1924, na sijali, moyo wake uko sahihi. Wolfsheim kachezwa na Amitabh Bachchan, nyota wa Kihindi wa Sholay, mwenyewe, na kuna faida hapo pia kwa sababu kitabuni yule mtu kachorwa kwa dharau ya wazi dhidi ya Wayahudi, mapua na lafudhi.

Ila hata Luhrmann hakai na Jumatatu. Kuna muda mfupi pati imeisha, takataka zimetapakaa, watumishi wanafagia, na kamera inamfuata Gatsby na maumivu yake.

Kingine kinachopotea ni ubaguzi. Chakula cha kwanza kabisa kwenye kitabu, Tom anahubiria watu habari za kitabu kinachosema mzungu atamezwa na watu wa rangi nyingine. Fitzgerald hakukitunga hewani, alikuwa anagusa kitabu cha Lothrop Stoddard cha 1920, na kilichapishwa na Scribner's, wachapishaji wale wale wa Gatsby! Na Mei 1924 sheria ya kubana wahamiaji ilipitishwa kwa fikra hizo hizo. Filamu zinamfanya Tom aonekane mjinga mmoja mwenye hasira, wakati 1922 hayo maneno yalikuwa ya mezani, ya watu waliosoma. Na Nick mwenyewe hasalimiki, kwenye daraja la Queensboro anaona Weusi watatu wamevaa vizuri wanaendeshwa na dereva mzungu, na anacheka kwa sauti. Luhrmann ile gari kaiweka, ina raha na muziki wake, kile kicheko cha Nick ndicho kimepungua uchungu. Halafu Myrtle, hawara wa Tom, anapogongwa na gari barabarani, shahidi anayejitokeza kumwambia polisi kwamba gari lilikuwa la njano, kubwa, jipya, ni mtu Mweusi aliyevaa nadhifu, hana jina, anasema yake na anaondoka kwenye hadithi.

Myrtle anafia pale kwenye bonde la majivu, na bonde lile lilikuwepo kweli. Corona, Queens, majivu ya makaa ya mawe kutoka majiko ya Brooklyn yalikuwa yanapelekwa kwa treni na kumwagwa pale mpaka vikawa vilima. Baadaye wakasawazisha, wakafanya maonyesho ya dunia ya 1939, na leo ndipo inapochezwa tenisi ya US Open, Serena kachukua vikombe juu ya ardhi ile. Kila treni iliyompeleka mgeni kwa Gatsby ilipita hapo.

Sasa ile stesheni wagoni. Gatsby amekufa, Nick kawapigia simu watu, kawasubiri, hawaji. Mvua inanyesha. Makaburini anafika Nick, baba yake Gatsby na mchungaji, na nyuma yao, ndani ya ile ile gari ya njano iliyokuwa inakimbia kupokea treni, wanakuja watumishi wanne watano na yule wa posta wa West Egg, wote wamelowa mpaka kwenye ngozi.