Mboga Inayosubiriwa na Nchi Nzima

Mabibi na mabwana, sisi tuliokulia Tanga tunaujua msimu wa maembe, ambapo mgeni haruhusiwi kuondoka mikono mitupu. Lakini sikuwahi kuona nchi ikiisubiri mboga moja kwa hamu kama Ujerumani inavyoisubiri asparaga nyeupe, chipukizi nene la mmea lenye umbo la fimbo, ambalo wenyewe huliita Spargel.

Kuanzia katikati ya Aprili, vibanda vya wakulima hujitokeza kando ya barabara, na mikahawa huchapa orodha ya pili ya vyakula ambayo karibu yote ni mboga hiyo hiyo kwa sura mbalimbali. Sisi tunaoishi Berlin sasa huitazamia ile ya Beelitz, mji mdogo ulio kusini-magharibi, wenye udongo wa kichanga, ambako imelimwa tangu mwaka 1861.

Weupe wake hutokana na giza. Mkulima huyafunika mashina kwa tuta refu la udongo, na chipukizi hukatwa kabla ya kuona jua, kwa kuwa likipata mwanga hugeuka zambarau, kisha kijani. Mvunaji, ambaye mara nyingi ametoka Poland au Romania, hutafuta ufa juu ya tuta, hufukua kwa vidole, hukata kwa kisu kirefu, kisha hufukia na kusawazisha. Ndiyo maana bei yake humshtua mgeni.

Nami nilishtuka, nikanunua, kisha nikaiharibu: niliipika bila kuimenya, nikaishia kutafuna nyuzi kama za muwa. Bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyenifundisha kwamba sokoni husuguliwa mbili pamoja, zikilia zimevunwa karibuni. Kwamba humenywa kuanzia chini ya kichwa kwenda kitakoni, huchemshwa kwa chumvi, sukari kidogo na siagi, na maganda hayatupwi, maana ndiyo supu ya kesho. Huliwa na viazi vipya na mchuzi mzito wa siagi na viini vya mayai. Nyama ya nguruwe huwekwa pembeni, na asiyeila huagiza samaki bila mtu kushangaa. (Pilipili huiua kabisa. Nimejaribu.)

Tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, uvunaji husimama, kwa sababu mmea ukiendelea kukatwa, mizizi hukosa akiba ya mwaka unaofuata. Wajerumani husema kwamba matunda ya cheri yakiwa mekundu, asparaga imekufa. Mwezi Julai matuta ya Beelitz huwa yamefunikwa na majani marefu, membamba kama nyuzi, na yule mama wa kibandani, nikimwuliza kama amebakiza walau kilo moja, hunionyesha kikapu cha cheri.