Nani Ana Muda wa Kucheza? Kipato, Jamii na Michezo Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, viongozi wa vikundi vya michezo mliotoka Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, mabibi na mabwana.

Mmeniomba nieleze jinsi kipato na maisha ya jamii yanavyoathiri ushiriki wa watu katika michezo. Mara nyingi mjadala huu huanzia kwenye vifaa: njumu, jezi, mipira, ada ya jimu. Mimi nitaanzia kwenye muda, kwa sababu ninaamini kwamba katika jiji hili kitu cha kwanza ambacho kipato humpa au humnyima mtu anayetaka kucheza ni saa ya kuchezea.

Mfikirieni dereva wa bodaboda wa Mbagala ambaye pikipiki si yake. Kila siku anadaiwa hesabu na mwenye chombo, iwe mvua au jua, na saa za jioni ambazo vijana wenzake wako uwanjani ndizo saa abiria wanapokuwa wengi na fedha ya kumalizia hesabu inapopatikana. Akienda mazoezini, anakuwa amepunguza chakula cha nyumbani. Mama lishe aliyewasha moto saa kumi alfajiri naye, akishaosha masufuria ya mchana, ana jikoni kwake pa kurudi. Kwao, kauli kwamba kukimbia ni bure haina ukweli. Anayekimbia hulipa kwa usingizi, kwa maji ya kuoga ambayo katika mitaa mingi bado hununuliwa kwa dumu, na kwa chakula cha ziada ambacho mwili utakidai baadaye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Machinga anayezunguka Kariakoo na bidhaa begani pengine amezipita dakika hizo kabla Jumanne haijaisha, lakini mzunguko ule hauwezi kuitwa mchezo, kwani hakuuchagua na haumpumzishi.

Mgogoro huu wa saa na ujira una historia ndefu kuliko jiji letu. Nchini Uingereza, mwaka 1895, vilabu vya raga vya kaskazini vilikutana Huddersfield na kujitenga na chama chao cha taifa. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, ambao walikatwa mshahara kila walipoacha kazi kwenda kwenye mechi, na vilabu vilitaka ruhusa ya kuwafidia ujira ule uliopotea. Wakuu wa chama, ambao wengi wao walikuwa watu wenye nafasi, walikataa kwa hoja kwamba fidia ingeharibu uungwana wa mchezo. Kutokana na mgawanyiko huo ikazaliwa raga nyingine kabisa, yenye kanuni zake, ambayo inachezwa hadi leo. Ninaikumbuka historia hii kila ninaposikia kwamba kijana wa uswahilini hana nidhamu ya mazoezi.

Na sisi wenyewe tumekwisha kukubali kwamba muda wa michezo ni gharama inayostahili kubebwa. Watumishi wa wizara na mikoa wana shirikisho lao la michezo, SHIMIWI, mashirika ya umma na kampuni wana lao, SHIMUTA, na mtumishi anayechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya mashirikisho hayo huruhusiwa na mwajiri wake bila kupoteza mshahara. Huo ni utaratibu mzuri na ninautetea. Ila tuuone ulipoishia: unamfikia mwenye ajira rasmi, wakati wakazi wengi wa Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, wanaishi kwa biashara ndogo na vibarua.

Kipato huamua pia ni mchezo upi mtu ataujua. Mfano unaoniumiza zaidi ni kuogelea. Tumezaliwa kando ya Bahari ya Hindi. Watoto wa wavuvi wa Kigamboni na Kunduchi huogelea tangu wadogo, na wengine hupiga mbizi kwa ustadi wa kushangaza. Hata hivyo, mashindano ya kuogelea hufanyika kwenye mabwawa, na mabwawa yetu yako hotelini, kwenye klabu za wanachama na katika shule za ada kubwa. Mtoto wa mvuvi hajui kugeuka ukutani wala kuruka kutoka kwenye jukwaa, kwa sababu hajawahi kuuona ukuta huo wala jukwaa hilo. Kipaji chake kinaishia Feri, kwenye soko la samaki.

Nikigeukia maisha ya jamii, naona jambo linalonipa matumaini. Vikundi vya jogingi vya mitaani, hasa Temeke na Ilala, vimewatoa kitandani alfajiri ya Jumamosi na Jumapili watu ambao kampeni za afya haziwafikii. Ukiwachunguza, utaona kwamba mbio ni sehemu tu ya kinachowaunganisha. Wanachanga mwenzao anapofiwa, wanamtembelea anayeugua, wanashona sare za harusi, wanaalikana kwenye mabonanza. Mtu mwenye kipato kidogo hawezi kutoa asubuhi yake kwa ajili ya misuli peke yake, lakini ataitoa kwa watu watakaosimama naye msibani. Hapo mchezo umelipa gharama yake, na ndiyo maana umedumu.

Jamii hiyo hiyo, lakini, humfungia mlango mtoto wa kike. Kaka yake akirudi shule anatupa begi na kwenda kucheza chandimu. Yeye anabaki na ndoo, vyombo na mdogo wake mgongoni. Akivunja ungo, maneno juu ya mavazi yake yanaongezeka, na mpira wa pete alioupenda shuleni unaishia shuleni. Hata hivyo, vipaji vipo: timu yetu ya taifa ya soka ya wasichana chini ya miaka 17 ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022, tena ikishiriki kwa mara ya kwanza. Niseme wazi: kazi za nyumbani zikigawanywa sawa kati ya kaka na dada, uwanja utapata wachezaji wengi kuliko semina yoyote itakavyoweza kuwaleta.

Kwa halmashauri nina maombi mawili. La kwanza, viwanja vya shule za msingi za serikali vifunguliwe jioni na mwisho wa wiki kwa vikundi vilivyosajiliwa katika mtaa, na viwekewe taa, kwa kuwa anayefunga biashara saa moja usiku hana mchana wa kuchezea. La pili, katika ratiba ya viwanja hivyo zitengwe saa za wanawake, zisiporwe kila timu ya wanaume inapokuwa na mechi. Funguo ashike mweka hazina wa kikundi pamoja na mwalimu mkuu. Watu ambao tayari wanatunziana fedha za rambirambi wanaweza kutunza uwanja na taa zake.