Ukifika St Helena, Anzia Rupert's

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, kwa hiyo leo sitawazungusha. Habari za Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa, mnazo: alishindwa vita vya Waterloo, akatupwa St Helena, kisiwa cha Waingereza kusini mwa Atlantiki, mwaka 1815, akafia huko 1821. Basi. Ninalotaka tulitazame ni kaburi lake.

Kaburi liko bondeni, limezungukwa na miti na uzio wa chuma. Juu yake wameweka bamba la jiwe lisilo na neno hata moja, kwa sababu Wafaransa na gavana wa Kiingereza walishindwa kuafikiana liandikwe jina lipi. Na ndani hamna mtu. Wafaransa walikuja kumchukua mwaka 1840, wakaenda kumzika Paris. Hata hivyo mgeni akitua kisiwani hupelekwa pale, husimama mbele ya uzio, hupiga picha, akaondoka ameridhika kwamba ameiona St Helena.

Sasa ushikeni huo mwaka 1840. Mwaka huohuo Waingereza waliweka kisiwani mahakama ya kuamua kesi za meli za watumwa zilizonaswa na manowari zao. Waliokuwa ndani ya meli hizo wakateremshwa bonde la Rupert's, jirani kabisa na mji wa Jamestown, kilima kimoja tu katikati. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1870 walikuwa wameteremshwa Waafrika wapatao 25,000. Wengi walitoka pande za Kongo na Angola, wengine Msumbiji, pwani yetu hii. Walifika na ndui, na kuhara damu, wengine hata kusimama hawawezi. Takriban 8,000 walizikwa huko. Waliopona, wengi wao walipakiwa tena melini kwenda kufanya kazi Karibi na Guyana. Huo ndio ukombozi waliopewa, kwao hawakurudishwa.

Mwaka 2007 na 2008, wakati njia ya kuelekea uwanja mpya wa ndege inaandaliwa, wanaakiolojia walifukua mifupa ya watu 325. Wengi ni watoto na vijana. Kuna waliochongwa meno kwa mila za kwao. Kuna waliokutwa na shanga na bangili. Hebu fikirini: mtu kanyang'anywa nchi, jina na ndugu, kashushwa chini ya sitaha, kavuka bahari, na shanga zake bado anazo! Mifupa hiyo ikakaa kwenye masanduku ghalani mjini zaidi ya miaka kumi, hadi ilipozikwa tena mwaka 2022. Kaburi tupu likatunzwa muda wote huo.

Najua atasimama mtu aniambie: mtalii amelipa nauli aone mandhari, usimtie majonzi. Kwani lile la Napoleon si kaburi? Na hiyo mandhari yenyewe, huwezi kuielewa bila kusimama Rupert's. Kisiwa chote ni mabaki ya volkeno iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, nacho ni kidogo, kilomita za mraba 120 na ushei. Pale bondeni magenge yamesimama wima pande zote mbili, lava na majivu tabaka juu ya tabaka, jeusi, jekundu, kahawia, na kivuli hakuna. Kisha panda kilele cha Diana's Peak, zaidi ya mita 800 juu ya bahari: mawingu yanakugusa uso, kangaga zimekua zikawa miti, chini tope. Ni mwendo mfupi tu toka kule kwenye ukame. Wala ukame huo si wa volkeno peke yake. Mbuzi walioletwa na Wareno miaka ya 1500 walikula miche mpaka udongo ukachukuliwa na mvua. Basi katika kisiwa chenye mabonde ya kijani, wagonjwa wale waliwekwa kwenye bonde kavu, mbali na macho ya mji. Hayo utayaona kwa macho yako ukiwa umesimama pale, picha haikuonyeshi.

Naona naonyeshwa saa. Ngazi ya Jacob pale Jamestown ina vidato 699, wanaoweza wapande. Kobe Jonathan aliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882, nendeni mkamwone. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alifungiwa huko. Na Sayyid Khalid bin Barghash, yuleyule aliyejitwalia usultani wa Zanzibar, Waingereza wakampiga mizinga Unguja Agosti 1896, Waingereza walipomkamata 1916 walimpeleka uhamishoni, na St Helena akakaa, kabla ya kufia Mombasa 1927. Hilo linataka siku yake, na nitaiomba.

Ndege hutoka Johannesburg. Dereva atakayekupokea uwanjani atataka kukupitisha Longwood, kwenye nyumba ya Napoleon, kwa kuwa iko njiani. Mwambie Longwood ni kesho, leo akupeleke Rupert's.