Ukiona Kava Hujaiona Simu

Naona wengine mmekuja na simu zenu za zamani za mezani mkononi. Vizuri. Ila msiniulize bei. Mtu akitaja bei kabla bisibisi haijatoka mfukoni, mnanijua ninavyokuwa.

Leo nashika za Western Electric tu, kile kiwanda cha simu cha Marekani. Za posta ya Kiingereza zitangoja siku yake.

Juzi kijana kaniletea simu nyeusi, inang'aa, kainunua kuwa ni 500, modeli yao moja. Maandishi ya kitakoni yalishafutika kwa kusuguliwa. Nikaigeuza, nikapapasa kigurudumu cha kupandishia na kushushia sauti ya kengele. Hakipo. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si 500." Akacheka: "Mzee, kava si hilo hapo?" Kava! Tukalegeza skrubu mbili, tukalivua. Ndani koili iko peke yake, kapasita peke yake, kengele imeandikwa B1A. Sasa 500 yenyewe hufungia koili na kapasita ndani ya kopo moja, nyaya zinafungwa kwa skrubu juu yake, nalo lina namba 425. Tuliyokuwa nayo ni 302, simu iliyotoka 1937, imevishwa kanzu ya mwenzake.

Kaibiwa? Na muuzaji, labda. Kiwanda hakikumwibia mtu: katikati ya miaka ya 1950 Western Electric wenyewe walikuwa wakiwavisha wazee hawa, wakawapa namba yao kabisa, 5302.

Najua kuna anayejiuliza, kiwanda kizima kishone viraka? Ndiyo, kwa sababu simu haikuwa ya mwenye nyumba. Bell, kampuni ya simu ya Marekani, walikuwa wanakodisha. Ukihama inarudi, inafunguliwa, kilichokufa kinatolewa, kizima kinatiwa, inakwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana utakuta kengele imepigwa mhuri wa 1949, mkonga, yaani wa kushika sikioni, 1951, kitako 1957. Halafu mtu ananiletea uso wa msiba: "Mzee, imechezewa." Imechezewa na nani? Na walioiunda!

Wanaotaka tarehe zote zilingane, sawa, hela zao. Lakini nimewaona wakichomoa kengele nzuri ya 1949 ili watie ya 1957. Huko sasa ndiko kuchezea.

Mkonga nitaupitia haraka. Fungua vifuniko vyote viwili. F1 ni wa 302, G1 ni wa 500; kwenye G1 kipaza sauti ni T1 na kisikilizio ni U1. Sauti ikiwa ya kukwaruza, huenda chembe za kaboni zimegandamana. Gonga kwa kiganja. Kwa kiganja, jamani, nimeshaona mtu ameshika nyundo.

Magurudumu ya namba nimeleta matatu, na pale nyuma naonyeshwa saa. Basi yabaki mfukoni. Yule kijana yupo? Pita mbele na 5302 yako, tuifungue wote waione.