Sweta Lisirudi: Mazungumzo na Kina Mama wa Wete Kuhusu Kufua Sufu na Akriliki

Assalaam alaykum mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma. Kabla sijaanza nipeni dakika moja nilitie hili sweta kwenye beseni, nataka likae majini huku tunazungumza... haya, limezama. Msilishike, msilifikiche, liacheni tu.

Najua wapo wanaojiuliza, sweta na Pemba wapi na wapi? Lakini kipupwe hiki, asubuhi, nani hapa hajamvisha kichanga wake sweta na kofia ya kufuma? Boti ya usiku kwenda Unguja nani anapanda bila nguo nzito? Na watoto wetu wakipata vyuo Iringa, Mbeya, huko baridi ndo baridi kweli, tunawanunulia masweta ya mtumba, mengine sufu safi kabisa, halafu yanafuliwa mara moja tu basi yamekwisha. Mie nauza mtumba mwaka wa 11 huu na hilo ndo linaloniuma kuliko hata kukosa wateja.

Langu la kwanza nililiua kwa mikono yangu. Marehemu shangazi alinipa sweta rangi ya maziwa, zito, laini, mie nikalifua kama ninavyofua shuka, maji ya moto, sabuni ya kipande, nikafikicha, nikakamua kwa nguvu zangu zote, nalo likarudi, na si kurudi kidogo, likawa la mtoto wa miaka mitano na gumu kama kipande cha zulia. Nililia siku ile, na hakuna aliyejua kunambia kwa nini.

Sababu yenyewe hii. Sufu ni nywele za kondoo, na ule unywele una magamba madogo madogo usiyoyaona kwa macho, yamelaliana kama magamba ya samaki changu. Ukitia maji moto na sabuni kali magamba yanafunguka, ukifikicha yanaingiliana na yakishaingiliana hayaachani tena, kwa hivo lile sweta hata ulivute vipi haliwi kama lilivokuwa. Sasa nyie nywele zenu mnaoshea nini? Shampuu, si ndio? Basi na sweta la sufu ni shampuu, kofia moja ya chupa kwa beseni zima inatosha. Sabuni ya kipande ni kali mno kwa sufu, na zile za unga nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, navyo vinakula na sufu yenyewe kwa sababu ni protini. Jiki ndo usithubutu kabisa, inaifanya manjano kisha inaiyeyusha.

Maji yawe na joto la kama nyuzi 30 za Selsiasi, na kwetu hapa maji ya mfereji yanakaribia hapo wala huhitaji kupasha. Ila jihadharini na lile tangi jeusi juu ya paa, saa saba mchana maji yake yanaweza kuunguza mkono, teka asubuhi. Na kama mnatumia kisima chenye maji magumu, yale yasiyotoa povu, sabuni inaganda kwenye nyuzi na sweta linakuwa kama lina unga, hapo kinga maji ya mvua au tia vijiko viwili vya siki kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Harufu ya siki inaondoka likikauka, msiogope.

Kuna dada kauliza atajuaje kama ni sufu na lebo imekatwa. Swali zuri sana. Chomoa uzi mmoja kwa ndani kwenye mshono, ushike kwa koleo, uwashe nje mbali na watoto. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe, na jivu ukilisugua linavunjika. Akriliki na poliesta zinayeyuka, zinadondoka, zikipoa zinabaki kitone kigumu kama plastiki kwa sababu ndo plastiki hasa. Ukinuka kama karatasi iliyoungua ni pamba. Zilizochanganywa zitakuchanganya na wewe, hizo zifue kama sufu uwe salama.

Akriliki, ambayo ndo sweta nyingi za skuli na za vichanga, hairudi kama sufu, adui yake ni joto. Ukiipiga pasi ya moto inalegea moja kwa moja, inaning'inia, ile kufuma inalala. Igeuze ndani nje, maji ya kawaida, sabuni laini, pasi usitie. Poliesta inashika mafuta ya mwili na harufu ya jasho, hiyo iroweke kidogo kwanza. Na jamani tusifue bila sababu, sweta lililovaliwa kwa muda wa saa mbili tu lipigwe upepo basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, mwaka 2016 walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja kwenye mashine zinaweza kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000. Maji yetu ya kufulia yanateremka wapi? Mikokoni, kisha baharini, na samaki tunakula sie.

Kukausha ni mkekani, kivulini, juu ya taulo. Usitundike kwenye kamba, sweta likirowa ni zito na litajivuta lenyewe mikono ifike magotini.

Sasa hili la kuweka kabatini naomba mnisikilize vizuri, khasa wenye wachanga. Nondo wanapenda sufu yenye jasho na madoa ya chakula, kwa hivo fua na ukaushe kabisa kabla ya kuweka, la sivyo masika yakiingia utakuta na ukungu pia. Karafuu zetu zinanukia vizuri ziwekeni, lakini haziui mayai ya nondo. Ukishaona matundu, funga sweta kwenye mfuko liwe kwenye friza wiki mbili. Lakini vile vidonge vyeupe vya nafthalini visikae na nguo za mtoto! Wapo watoto, zaidi wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, na sehemu zetu hizi za malaria si jambo la nadra, mtoto huyo akivishwa nguo iliyokaa na vidonge hivo chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akawa manjano, na wapo waliopoteza maisha. Nguo ikishakaa navyo ifueni na ipigwe upepo mpaka harufu iishe kabisa, na ukiona mtoto kageuka manjano au mkojo mweusi hiyo ni hospitali wakati huohuo, usingoje asubuhi.

Haya, letu limeshapata dakika zake. Bi mkubwa pale mbele njoo unisaidie, liinue kwa mikono miwili kutoka chini, usilikunje... hivohivo. Sasa libanebane tu, lilaze kwenye taulo tulizungushe kama mkeka.