Benedict Daswa, baba aliyekataa kuchangia randi 5

NEEMA: Haya kaka Baraka, leo tunamuongelea Benedict Daswa wa Limpopo, Afrika Kusini. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nweli, katekista, baba wa watoto 8. Watu wengi wakimtaja wanaanzia siku aliyouawa, mi naomba tuanzie nyumbani kwake.

BARAKA: Twende dada.

NEEMA: Huyu bwana alikuwa anafua nepi. Yaani fikiria kijijini Uvendani, kwa kabila la Wavenda, miaka ya 80, hedimasta mzima anachota maji, anaokota kuni, mke akijifungua yeye ndo anahangaika na nguo za mtoto!

BARAKA: Huku kwetu wangesema kalishwa limbwata.

NEEMA: Eeh, si ndo hapo. Halafu ana bustani kubwa ya mboga, wanafunzi waliokosa ada hawapi hela mkononi, anawapa kibarua humo bustanini wajilipie wenyewe. Na kanisa la Nweli alishiriki kulijenga kwa mikono yake.

BARAKA: Mi nilichokipenda ni ile ya mpira. Timu aliyoianzisha mwenyewe wachezaji wakataka dawa ya mganga ili washinde, ile sisi tunaita kamati ya ufundi, jamaa akaondoka akaanzisha timu nyingine. Bongo hapa angebaki bila timu hata moja.

NEEMA: Hahaha, usinichekeshe. Sasa Januari 1990 radi zikapiga sana, nyumba zikaungua, wakuu wa kijiji wakakaa wakaamua kila mtu atoe randi 5 aletwe mganga apige ramli amtaje mchawi. Daswa akawaambia radi ni hali ya hewa tu, mimi sitoi.

BARAKA: Niseme ukweli dada? Mimi ningetoa. Randi 5 tu, yaishe, nirudi kwa wanangu.

NEEMA: Haiishi sasa, hapo ndo inaanza! Ramli ikipigwa lazima mtu atajwe, na anayetajwa mara nyingi ni bibi kizee asiye na mtetezi. Si tunawajua vikongwe wa Usukumani, macho mekundu ya moshi wa kuni, basi keshakuwa mchawi, anakatwa mapanga. Ile hela ni mchango wa kuua mtu, na mwenzetu aliliona hilo mapema.

BARAKA: Hapo umenishika.

NEEMA: Tarehe 2 Februari 1990, siku ileile Rais de Klerk anatangaza bungeni Cape Town kwamba chama cha ANC hakipigwi marufuku tena, dunia nzima inashangilia, usiku Daswa anarudi na gari anakuta magogo na mawe barabarani. Wakamrushia mawe, akakimbilia kwenye nyumba ya watu, wakamtoa, wakampiga rungu kichwani na kummwagia maji ya moto. Mkewe alikuwa mjamzito, mtoto wa 8 hakumuona baba yake.

BARAKA: Ee Mungu. Na mama yake mzazi?

NEEMA: Aliishi mpaka akahudhuria misa ya kumtangaza mwenyeheri, ile hatua ya Kanisa Katoliki kabla ya kuitwa mtakatifu, tarehe 13 Septemba 2015, umri miaka 90 na kitu. Ndo mwenyeheri wa kwanza wa Afrika Kusini.

BARAKA: Na waliomuua je?

NEEMA: Kuna waliokamatwa wakaachiwa, ushahidi haukutosha.

BARAKA: Kijiji kidogo vile, kundi lote lile, ushahidi haukutosha?

NEEMA: Kuona waliona kaka. Kwenda kusema mahakamani ndo shughuli.